Tope Halisubiri Notisi

Nisijifiche nyuma ya adabu: mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe. Ukishuka stendi ya Kibiti ukauliza karakana ya majokofu, bodaboda yeyote atakuleta kwangu bila kuuliza mara ya pili. Friza za wanunuzi wa kamba wanaotoka delta, friji za wauza juisi, viyoyozi vya ofisi, vyote vimepita mikononi mwangu na vyote vinafanya kazi. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu nimeitundika ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mteja akikaa kwenye benchi hana pa kuangalia pengine. Nimeitundika pale makusudi. Ada niliilipa mwenyewe kwa kupakia boriti za mikoko mabegani, nikiwa kijana, hadi ngozi ya bega la kulia ikawa ngumu kama ya kisigino. Hakuna mjomba aliyenisomesha, wala hakuna mtu aliyeninong'onezea mahali palipo na kazi.

Lakini kila ninapoifuta vumbi stashahada hiyo nakumbuka jambo moja. Iliniingiza kwenye kazi nzuri jijini. Siku nilipotaka kutoka kwenye kazi hiyo kwa haraka, haikunisaidia chochote. Aliyenitoa ni Mnyamwezi mmoja aliyevaa jaketi langu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala la baridi la samaki, Dar es Salaam. Niliingia nikiwa fundi msaidizi, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa chumba cha mashine kwenye zamu ya mchana. Mashine zile zinatumia amonia. Amonia si gesi ya kuchezea. Ikivuja, haikupi nafasi ya kusema pole. Katika miaka yangu yote pale haikuvuja hata mara moja kwenye zamu yangu, na nilihakikisha kila aliyeajiriwa analijua hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Nilikuwa na jaketi la baridi jekundu, zito, la kununua mwenyewe, kwa sababu yale ya kampuni yalikuwa yamepauka na mimi sipendi kitu kilichopauka.

Kisha ukaja mwaka wa yale mafuriko.

Bonde letu la Rufiji lina kilimo chake ambacho sikufundishwa chuoni. Mto ukifurika unalala juu ya mashamba, halafu unarudi taratibu ukiacha tope jeusi. Ndani ya tope hilo, kabla halijapasuka, tunapanda mahindi, kunde na maboga. Hatusubiri mvua; mmea unakunywa unyevu ulioachwa na mto. Kilimo hicho tunakiita mlao. Ukichelewa, tope linakauka na kupasuka mipasuko ya kuingia mguu, na mbegu unayotia humo umewapa panya sadaka.

Mafuriko ya kawaida huacha alama. Yale ya mwaka ule hayakuacha. Vichuguu viliyeyuka, na mkuyu uliokuwa mpaka wetu na jirani ulikwenda zake baharini. Ikitokea hivyo, desturi ya kwetu, upande wa Chumbi, ni kwamba wenye mashamba hushuka bondeni siku moja. Kila mmoja anasimama pale anapojua ni pake, jirani yake anasimama pake, na wakikubaliana mti unachomekwa. Asiyekuwepo huchomekewa na mzee wa bonde. Mzee wa bonde ni mtu wa haki, lakini hawezi kusimama kwa miguu ya mtu mwingine. Mtoto anaruhusiwa kumsimamia mzazi, ila awe amelima hapo. Mimi nililima hapo nikiwa na urefu wa mpini wa jembe, ningeruhusiwa kusimama, ila mahali hasa pa ule mkuyu alipajua mama.

Shamba la mama lina upande wa juu, wenye kichanga, na upande wa chini unaoshika unyevu mpaka mwisho. Huo wa chini ndio shamba. Mpaka wetu na jirani wa chini ukisogezwa juu hatua chache tu, mama anabaki na mchanga.

Dada yangu, anayeishi naye, alinipigia nikiwa kazini.

"Kaka, maji yanashuka. Mzee wa bonde ametangaza, Jumamosi ya wiki ijayo watu wanateremka."

"Na mama atateremkaje na goti lile?"

"Ndiyo maana nimekupigia. Vijana walikuja kujitolea kumbeba. Amewafukuza."

"Amewafukuza?"

"Muulize mwenyewe, huyu hapa ananinyang'anya simu."

Mama alikuja hewani bila salamu. "Nibebwe na watoto wa watu kama gunia la mkaa? Niteleze matopeni, kanga inipande, nani atanisitiri? Nimezaa mtoto mwenye mgongo. Kama mgongo wenyewe ameuweka rehani huko mjini, basi shamba liende na mkuyu wake."

Akakata. Mnaona kiburi changu sikukiokota Dar es Salaam.

Likizo yangu ilikuwa imekwisha. Niliitumia yote maji yalipopanda, nikiwahamishia mama na dada sehemu ya juu, na bosi aliniongezea siku ambazo hakulazimika kunipa. Tena ruhusa ya siku tatu ingenitosha kumbeba mama, isingenitosha kulima. Mlao haupandwi ukaachwa. Unahitaji mtu akae kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, awafukuze ngedere mchana na nguruwe wakati wowote wanapojisikia, mpaka mahindi yakauke. Mama hakuwa tena na goti la kupanda ngazi ya dungu, na kuja mjini hakutaka kusikia. Isitoshe nilikuwa nimeshanunua kiwanja Kibiti, nikiwa na nia ya karakana yangu mwenyewe. Nia hiyo niliiweka kwa ajili ya siku moja. Niliona siku yenyewe imenipigia simu.

Mkataba wangu ulitaka notisi ya mwezi mzima. Niliandika barua ya wiki moja.

Bosi wetu alikuwa mwanamke wa Upareni, mfupi, mwenye miwani aliyoishusha puani alipotaka kukuona vizuri. Aliishusha.

"Fundi, mkataba unasema mwezi. Hapa naona wiki."

"Ndiyo, bosi."

"Umechukuliwa na washindani wetu?"

"Hapana, bosi. Naenda kulima."

"Na diploma yako?"

"Naenda nayo."

Nilidhani atacheka. Nilimweleza habari ya mto, tope na mama. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana wapo wakubwa ambao ukitaja tope wanaangalia saa.

"Sina ugomvi na shamba la mama yako," akasema. "Ugomvi wangu ni ile amonia. Mtu mpya sitampata kwa wiki moja. Niletee mtu wa kushika zamu yako ambaye akiwa mle ndani mimi nitakula chakula changu kwa amani. Ukimleta, nenda na baraka zangu na cheti chako cha utumishi. Usipomleta, unakaa mwezi wako. Ukitoroka, usitegemee niseme neno jema fundi yeyote wa nchi hii akiuliza habari zako."

Jina langu kuchafuka! Hilo sikuliweza. Lakini nikipiga hesabu ya mwezi, naliona tope la mama likipasuka.

Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: mwenzangu wa zamu nyingine, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuwa na stashahada kama yangu, ingawa tulishalinganisha alama na zangu zilikuwa juu. Kunishikia mimi kulimaanisha abebe zamu zake na zangu mpaka mtu mpya apatikane. Kitu kama hicho kinaombwa, na mimi kuomba sikujua. Nilibeba boriti ili nisiombe. Nilipishana naye mlangoni, tukakabidhiana zamu, nikamwambia shinikizo la kompresa ya pili liko sawa, nikaenda zangu. Kesho yake hivyo hivyo. Neno lilifika kwenye meno, likarudi.

Sasa, sisi Wandengereko na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na bado mkanywa chai pamoja. Kwenye msiba ndiye anayevaa nguo za marehemu, akamwigiza anavyotembea na anavyofoka, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Anachokichukua siku hiyo hakirudi mpaka kikombolewe. Yote hayo nayajua tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri yangenihusu nikiwa hai.

Ilikuwa saa ya chakula, ukumbi wa kulia umejaa, akina mama wanaomenya kamba wamevua glovu zao. Mlango ukasukumwa. Aliingia amevaa jaketi langu jekundu, kola imesimamishwa, kwenye joto la Dar es Salaam la mchana. Tumbo alilitanguliza, mikono nyuma, spana yangu imechungulia mfukoni. Anatembea polepole kama mtu anayekagua kiwanda alichokijenga. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo, maana walimjua anayeigizwa.

"Jamani, poleni na msiba!"

"Msiba wa nani tena?" mama mmoja akadakia.

"Wa Mndengereko. Amekufa kazini, anafufukia shambani. Mamba wa Rufiji wametuma ujumbe, wanasema tangu aondoke hawajatafuna kitu kinene."

Ukumbi ulipasuka. Akajipiga kifua. "Mimi! Nimejilipia ada! Kompresa ikisikia hatua zangu inajiwasha yenyewe!"

Maneno hayo nimewahi kuyasema, na kompresa ile kweli ilikuwa inanijua. Nikasimama.

"We mpagazi! Vua jaketi langu. Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe umefikia kubeba nguo za watu?"

"Ndicho kilichonileta, mtani wangu." Alisogea mpaka mezani kwangu, jasho linamtiririka kwenye kola. "Mnyamwezi akikaa bila mzigo shingo inamuuma. Jaketi nimelirithi. Na aliyerithi jaketi la marehemu amerithi na zamu zake. Sema sasa, maiti inazikwa lini?"

Kicheko kilipungua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, na alikuwa amejua pia kwamba sitaomba hata angenisubiri mwaka. Akaamua kuninyang'anya kile ambacho nilishindwa kukiomba.

"Ijumaa," nikasema.

"Basi Ijumaa. Zamu za marehemu nimezibeba mpaka aje mwenye kuzipokea. Na jaketi halirudi mpaka likombolewe kwa boga la Rufiji. La bondeni, si la sokoni! Nikionja nitajua."

Bosi alikuwa mlangoni, sahani mkononi. Hatukujua amesimama pale tangu lini.

"Huu ni utani au ni kazi?" akauliza.

"Kwetu huku ni kitu kimoja, bosi," Mnyamwezi akajibu.

Alishusha miwani akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akalitazama jaketi na aliyelivaa. "Siku zako za mapumziko nitaazima fundi kiwanda jirani. Zilizobaki utaziweza?"

"Nikishindwa, nizikeni na huyu."

Bosi akacheka mpaka mchuzi ukamwagika kidogo. Mchana ule ule akasaini barua yangu, na cheti cha utumishi alichonipa Ijumaa kilikuwa na sifa ambazo hata mimi, ambaye sijipunji, nisingejiandikia.

Kulipokucha Jumamosi nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa tayari, amejifunga kanga mbili na ushungi, amekaa juu ya kinu ili iwe rahisi kunipanda mgongoni. Hakuniuliza habari za safari.

"Geuka nikuone mgongo."

Nikageuka. Akaugonga kwa ngumi mara mbili kama mtu anayenunua mtungi. "Haya, inama."

Niliteremka bondeni na mama mgongoni, suruali imekunjwa mapajani, tope linapanda kutoka kifundo hadi goti. Mimi mtu wa mashine za amonia! Watu waliotangulia walisimama kutazama.

"Injinia amepata abiria!"

"Taratibu, baba," mama akaniambia sikioni. "Wewe si lori. Na hilo tumbo ulilishibisha nini huko mjini?"

Mzee wa bonde alikuwa na miti yake ya kuchomeka. Jirani yetu, bibi wa rika la mama, ambaye mimi namwita shangazi, alikuwa amekwisha kusimama. Alisimama juu mno, palipoishia kichanga, ndani ya ule upande wetu unaoshika unyevu. Moyo wangu ulizama kuliko miguu.

"Shoga," mama akamwita kutoka begani kwangu, "hapo uliposimama ndipo tulipokuwa tukila?"

"Ndipo. Chini ya mkuyu."

"Mkuyu uko wapi?"

"Si ulikwenda zake? Mimi nafuata bati la msikiti. Nilikuwa nikila naliona juu ya kichwa chako."

Hapo nilijifunza mpaka wetu ulikuwa kitu gani. Wanawake wale wawili walilima bega kwa bega miaka mingi, na kila adhuhuri walikutana chini ya mkuyu ule, kila mmoja amekaa upande wake, wakala pamoja. Mpaka ulipita katikati ya sahani. Shangazi alikumbuka alichokiona yeye akila. Mama naye alikumbuka cha kwake.

"Mimi nilikuwa naona mti wa mvumo," mama akasema. "Ule mrefu, ng'ambo ya mto. Ulikuwa ukichomoza kwenye bega lako la kushoto. Hebu kaa kitako kama zamani."

"Nikae kwenye tope?"

"Ulikuwa ukikaa wapi, kwenye sofa?"

Shangazi akakaa kwenye tope akicheka. Mimi nikapiga magoti mbele yake ili mama awe kwenye kimo cha mtu aliyekaa. Mvumo ulikuwa mbali na bega. Tukasogea. Bati la msikiti likapotea, shangazi akakataa. Tukarudi kidogo, tukateremka, nikasimama na kupiga magoti tena, mama akiniongoza kwa kunivuta masikio, upande huu, upande ule, mpaka ikafika mahali wote wawili wakasema kwa pamoja, "Hapa!"

Palikuwa chini zaidi kuliko pale tulipomkuta shangazi. Upande wote wa chini ulibaki wetu.

"Wallahi peke yangu nisingejua," shangazi akamwambia mzee wa bonde, huku akijifuta tope. "Bati la msikiti unaliona popote ukinyooka nalo. Mvumo alikuwa nao yeye. Asingekuja ningelima kwake nikidhani kwangu, na Mungu angeniuliza."

Mzee akachomeka mti. Nilisikia kidevu cha mama kikitua juu ya kichwa changu, mahali ambapo nywele zimeanza kupungua.

"Mgongo umerudi mzima, baba," akasema. "Asante."

Nimesifiwa na wahandisi. Nimesifiwa na mnunuzi wa kamba aliyenusurika hasara ya friza nzima. Hakuna sifa nyingine niliyoipokea nikiwa nimepiga magoti.

Tulipanda siku ile ile alasiri, dada akitangulia na kijiti cha kutobolea, mimi nyuma na mbegu, mama amekaa juu kwenye mkeka akitukosoa. Tope lilikuwa bado laini kama uji. Nilikaa kwenye dungu msimu mzima nikirusha mawe kwa kombeo, na sidhani kama kuna ngedere waliowahi kufukuzwa kitaalamu namna ile. Baada ya mavuno nikafungua karakana Kibiti, na hayo mengine mmekwisha kuyajua.

Boga kubwa kuliko yote nililipeleka stendi mwenyewe, pamoja na kunde za mama, likapanda basi la Dar es Salaam. Jioni simu ikalia.

"Mtani, boga limefika. Kondakta alidhani ni abiria. Nimelionja, ni la bondeni kweli. Niambie jaketi nilipakie basi gani?"

Nililifikiria jaketi lile jekundu. Nilimfikiria yeye ndani yake, zamu baada ya zamu, kwenye chumba changu cha mashine, mpaka mtu mpya alipokuja. Kitu kikishakombolewa, watani hawadaiani tena kwa ajili yake.

"Usilipakie popote," nikamwambia. "Boga hilo ni dogo. Halijatosha kukomboa."

"Dogo? Limebebwa na watu wawili!"

"Mzigo wa Wanyamwezi wawili si mkubwa. Maji yakishuka tena nitakutumia jingine, tuone."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo, kila msimu wa mlao namtumia boga, na kila msimu naliona dogo. Mama ananisaidia kulichagua, na hachagui dogo.